Fundi Akikwambia "Napiga Windows, Ila Mafaili Hayatapona", Usikubali Haraka

Wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo naongelea sentensi moja ambayo imezika kazi za wasanii, maMC na wapiga picha wa hapa Mwanza kimya kimya, bila hata bifu: "Bosi, hii inabidi nipige Windows, ila mafaili hayatapona."

Ukiisikia ukiwa umesimama dirishani kwa fundi, laptopu imegoma na kesho kuna kazi ya mtu, unakubali tu. Unasema "poa, piga". Kazi ya miaka mitano inaondoka kwa neno moja hilo. Mimi nasema hivi: mara nyingi sentensi hiyo siyo kweli. Kupiga Windows ni kitu kimoja na kufuta mafaili ni kitu kingine. Kinachoviunganisha ni haraka.

Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu, kwa hiyo kwa mafundi nashinda sana. Niwape visa viwili, kimoja kimeisha vizuri, kingine hapana.

Prodyuza wa kule juu kwenye mawe

Kuna prodyuza mmoja hapa Igogo, jina kapuni. Studio yake ni chumba kimoja kule mlimani, kwenye zile nyumba ambazo ukiwa barabarani unajiuliza tofali zilipandishwaje mpaka kule. Ukutani kabandika trei za mayai, ana maiki moja, spika mbili, na laptopu ya mtumba aliyoinunua kabla hajapata mteja hata mmoja. Ngoma ya kwanza ya msanii mmoja ambaye leo anajaza kumbi Dar ilirekodiwa mle ndani. Siku hizi msanii mwenyewe akihojiwa anasema alianzia "studio fulani ya kitaa". Mnamjua. Simtaji.

Ila kilichokuwa na thamani zaidi mle ndani siyo ngoma ya staa. Kulikuwa na kijana wa hapa hapa, usiku yuko ziwani na wavuvi, jioni kabla ya kutoka anapita studio. Alirekodi vesi kadhaa na korasi mbili tatu, hakuna hata ngoma moja iliyokamilika. Halafu ziwa likamchukua. Huyu simtaji kwa sababu nyingine kabisa, heshima ya mama yake.

Mama huyo huwa anapanda mlima mara moja moja. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, prodyuza anamwamkia, anaitikia, halafu anasema tu, "Mwanangu, niwekee ile." Prodyuza anamwekea. Dakika moja na nusu hivi. Mama anashukuru, anashuka. Sauti ile haikuwa YouTube, haikuwa kwenye simu ya mtu yeyote. Ilikuwa ndani ya ile laptopu, basi.

Sasa siku hiyo umeme ukakatika katikati ya apdeti, na betri ya laptopu ilishakufa zamani. Umeme uliporudi, ikawa inawaka, inaonyesha nembo ya Windows, vile vidoti vinazunguka, inajizima, inawaka tena. Hivyo hivyo mpaka mchana. Akaibeba kwenda mjini, halafu akanipigia. "Dada, njoo mara moja. Nipo kwa fundi, ananiambia hapa hamna kitu cha kuokoa."

Nilipofika nikamkuta fundi kashachomeka flashi yake, yuko tayari. Buku kumi na tano, saa moja unaondoka nayo. Nikamuuliza, "Fundi, mafaili yake yako wapi?"

"Yote C, dada."

"Si uyatoe kwanza?"

Akacheka, kistaarabu lakini. "Dada yangu, kutoa mafaili ni kazi nyingine. Hapa nina laptopu sita zinasubiri."

Sikumchukia. Fundi yule analipwa kwa laptopu iliyowaka. Halipwi kwa sauti ya mtoto wa mtu iliyopona. Kama wewe mwenye mali hujasema kuna nini ndani, yeye atajuaje? Prodyuza akaiomba laptopu yake, akamwachia hela ya soda, tukaondoka.

Kwa nini mafaili yanaweza kupona

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo tunapopigwa. Windows ni programu tu, ndiyo inayoiendesha kompyuta. Inakaa kwenye diski, kwenye sehemu inayoitwa C. Mafaili yako nayo yanakaa kwenye diski hiyo hiyo, ila kwenye folda zake. Windows ikiharibika, mafaili hayajaguswa. Ni kama mlango wa mbele umekwama: huwezi kuingia, lakini vitu viko ndani.

Kinachotuponza ni Desktop. Watu wengi wanaweka kila kitu pale mbele wakidhani kiko "nje". Hakiko nje. Kiko ndani ya C, kwenye folda ya Users, chini ya jina lako, pamoja na Documents, Pictures na Downloads. Anayefomati C anaondoka na vyote.

Na kufomati kwenyewe kukoje? Fikiria daftari la mtaa lenye orodha ya nyumba zote za mlimani Igogo. Kufomati kwa haraka ni kuchana daftari. Nyumba bado zipo, ila hakuna anayejua ipi ya nani, na kila kiwanja sasa kinahesabika kitupu. Ukiweka Windows mpya juu yake, ndiyo unaanza kujenga kwenye viwanja vya watu. Ndiyo maana mtu aliyefomati kwa bahati mbaya anaambiwa aizime kompyuta palepale, asisevu kitu chochote, ampelekee mtaalamu wa kuokoa data. Kila dakika unayoendelea kuitumia, kuna nyumba inavunjwa.

Hiyo ni kwa diski za zamani, zile zinazozunguka. Diski mpya za SSD ni noma zaidi, kwa sababu zenyewe husafisha nafasi iliyotangazwa kuwa tupu. Huko ukifuta, mara nyingi ndiyo imetoka hiyo.

Tulichofanya

Tulimpata fundi mwingine, kijana mmoja mpole, hana haraka. Yeye hakuanza na Windows. Alichomeka flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, wa bure, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Jina lake ni la Kibantu cha kusini mwa Afrika, ndugu wa neno letu utu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuuwasha moja kwa moja kutoka kwenye flashi na kuujaribu, bila kuuweka kwenye diski. Kompyuta inawaka, unafungua diski yako kama unavyofungua flashi ya kawaida, na unaona folda zako zote.

Prodyuza alipoona folda zake kwenye kioo, jina kwa jina, alikaa chini. Hakuongea.

Tukachomeka diski ya nje na kuanza kukopi. Ilichukua saa nyingi, ikabidi tuiache ilale pale. Asubuhi fundi hakukimbilia kufuta. Alichomeka diski ile ya nje kwenye kompyuta nyingine, akafungua faili moja moja kwa kubahatisha: hii inacheza, hii inafunguka, hii sawa. Hiyo hatua watu wengi wanairuka. Faili kuonekana siyo faili kufunguka.

Hapo kuna siri moja ya maprodyuza nataka niwaachie. Faili la mradi la FL Studio, lile unalobofya ngoma ikafunguka, kwa kawaida halibebi sauti zote ndani yake. Linakumbuka tu kwamba ngoma ile iko folda ile, vokali ziko folda nyingine. Ukikopi faili la mradi peke yake ukaacha folda za sauti, utafungua ngoma yako ukute mistari ipo, sauti hamna. Programu yenyewe ina njia ya kusevu mradi kwenye furushi moja la zip pamoja na sampuli zake. Itumie ukiwa mzima, usisubiri msiba.

Baada ya hapo ndiyo akapiga Windows. Akafomati C bila wasiwasi, maana kila kitu kilikuwa sehemu nyingine. Jioni laptopu inawaka, safi, imenyooka.

Na mama? Mama ana kiswaswadu, ila kinapokea memori kadi. Prodyuza akamwekea ile sauti kwenye kadi, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Bado anapanda mlima, ila siku hizi anakuja kusalimia.

MC wa pili hakubahatika

Kuna MC mmoja wa harusi hapa Rock City, jina kapuni, kama umekula pilau la ukumbini mwaka huu umeshamsikia. Laptopu yake ilianza kuwa nzito. Ilikuwa inawaka vizuri tu, nzito tu. Akampelekea fundi, akaambiwa dawa ni kupiga Windows. Akasema "piga".

Siku ya tatu mteja akamwomba video za kazi zake za nyuma ili amlipe advansi. Hamna. Mikataba, hamna. Picha za mwanae alipozaliwa, hamna. Alikuja kwangu na ile laptopu, tukajaribu programu ya kuokoa data, ikaleta majina ya mafaili machache. Ukifungua, tupu. Ilikuwa SSD.

Kinachouma ni kwamba laptopu inayowaka ndiyo rahisi kuliko zote. Ndani ya Windows 10 na 11 kuna sehemu ya kuirudisha upya, inaitwa "Reset this PC". Inakuuliza swali moja: "Keep my files" au "Remove everything". La kwanza linabakiza mafaili yako binafsi na kuondoa programu ulizoweka. La pili linafagia vyote. Tofauti ya kazi ya maisha ya MC yule na kioo kitupu ilikuwa ni kubofya la juu badala ya la chini. Hata kama haiwaki vizuri, Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, mara nyingi huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo ambao una chaguo hilo hilo.

Njia nyingine: fundi akiweka Windows kwa flashi bila kufomati ile sehemu ya C, mfumo wa zamani husukumwa kwenye folda inaitwa Windows.old, na mafaili yako yanakuwa humo. Ila usilale nayo. Folda hiyo inaweza kufutwa na Windows yenyewe baada ya siku kama 10. Ingia, toa vyako, ondoka.

Na hizi njia zote siyo sababu ya kuacha kukopi kwanza. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, hata "Keep my files" haina ubavu.

Hata wakubwa yamewakuta

Msidhani ni sisi wa kitaa tu. Mwaka 1998, Pixar wakiwa wanatengeneza Toy Story 2, mtu mmoja aliandika amri ya kufuta kwenye mfumo wao, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kupotea mbele ya macho yao. Wakakimbilia nakala za akiba. Kumbe nazo zilikuwa na hitilafu, na hakuna aliyekuwa anajua. Kilichowaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa anafanyia kazi nyumbani kwa sababu ana mtoto mchanga. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala. Wakaenda kuichukua, wakaifunga mablanketi, wakairudisha kwa gari taratibu kama wamebeba mayai. Filamu ikatoka 1999.

Somo ni lile lile la prodyuza wetu: kilichookoa kazi ni nakala iliyokuwa nyumba nyingine. Wapiga picha wanayo kanuni fupi, 3-2-1. Nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 iwe mbali na hapo ulipo. Kwetu sisi tafsiri yake ni laptopu, diski ya nje, na mtandaoni. Google wanakupa GB 15 za bure. Video hazitaenea, lakini mikataba, mashairi na vokali zako muhimu zinaenea. Hiyo diski D uliyogawiwa na fundi siyo nakala. C na D kwa kawaida ni vyumba viwili vya nyumba moja, ikiungua vinaungua vyote.

Kuna na upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2008 staa mmoja wa filamu wa Hong Kong, jina kapuni ingawa dunia nzima inalijua, picha zake za faragha na wanawake kadhaa maarufu zilisambaa mtandaoni. Zilitoka wapi? Kwenye laptopu aliyoipeleka kwa fundi. Fundi aliyezikopi alifungwa mwaka 2009, lakini picha hazikurudi. Hapa kwetu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomkataza mtu kuingia kwenye kompyuta ya mwenzake bila ruhusa. Sheria ni nzuri, ila inakuja baada ya aibu. Kwa hiyo ukisema "fundi, nitolee mafaili yangu", kaa pale pale uangalie yanaenda kwenye diski ya nani. Diski iwe yako. Ukiweza, toa mwenyewe nyumbani kabla ya kwenda.

Kwa nini nayaandika leo

Kwa sababu msimu wa kupiga Windows umefika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hazikidhi masharti ya Windows 11, ikiwemo ile chipu ya usalama ya TPM 2.0. Watu wanapeleka mashine kwa mafundi, wengine wanabadili mfumo kabisa. Na wenye laptopu mpya mna mtego wenu: nyingi zinakuja diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker. Hiyo ni nzuri kwa wezi wasione vitu vyako. Ila Windows ikigoma, hata flashi ya Ubuntu haifungui kitu bila ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo unakaa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ile iliyofunguliwa dukani siku unanunua na nywila ukaisahau. Itafute leo, mashine ikiwa bado inawaka.

Kwa hiyo kabla hujakabidhi laptopu kwa mtu yeyote, mambo manne. Mwambie fundi kwa mdomo wako kuna nini ndani na kiko folda gani. Mwambie akopi kwanza kwenye diski yako, na ongeza hela, maana ni kazi na inachukua muda. Fungua mafaili kadhaa kwenye mashine nyingine uhakikishe yanafunguka. Kisha ndiyo useme "piga". Na kama diski inatoa mlio wa kugonga gonga, usimruhusu mtu aendelee kuiwasha zima, hiyo diski ndiyo inayokufa na kila ukiiwasha unaimalizia.

Windows ipo kwenye flashi ya kila fundi kuanzia Igogo mpaka Buhongwa. Sauti ya mtu ambaye hayupo tena haipo kwenye flashi ya fundi yeyote.

Haya, tiririkeni hapo chini. Nani kashawahi kuambiwa "hayatapona" halafu yakapona? Na wewe staa wa Dar uliyeanzia "studio fulani", mradi wa ngoma yako ya kwanza upo salama. Prodyuza anakusalimia, anasema ukiutaka umpigie mwenyewe.